Boko Boko Kabla ya Mizani

Osaka, 3 Septemba 2025

Mama,

Nabusu mkono wako kwa mbali, na kama bado umenikasirikia basi naubusu mara mbili. Naandika, sipigi simu, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema kwamba kwenye simu mimi na wewe hatuongei, tunagombana. Ulisema kweli. Suala la mimi kurudi nyumbani tuliweke pembeni kwanza. Leo nina jambo jengine.

Nina rafiki anakuja Maskati. Anaitwa Shunpei Aramaki, bondia wa ngumi za kulipwa, ana miaka thelathini na minane. Atapigana Wattaya, kwenye ukumbi ulio nyuma ya maduka ya magari, mwisho wa Oktoba. Promota ni kijana anayeitwa Loay, ndio kwanza anaanza shughuli hiyo. Hapa Japani Aramaki hapigani tena, leseni wamemnyima. Ni umri, Mama. Wamemwambia apumzike, na yeye hataki kupumzika kabla hajapanda ulingoni mara moja ya mwisho na kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Loay amempa hoteli, lakini mtu wa namna yake hotelini peke yake atakufa kwa upweke. Chumba changu cha juu ni kitupu. Naomba akae kwako mpaka siku ya pambano. Hana kelele. Anaamka alfajiri anakimbia, anarudi, anafua nguo zake mwenyewe, analala. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini wewe umefanya kazi wizarani na wageni miaka mingi, na Nankya wako wa kazi naye yupo wa kukusaidia. Mtaelewana.

Kazi imenizidi, nisamehe kwa ufupi. Mpokee kama ungenipokea mimi.

Mwanao,
Yaarub


Hail, Maskati, 28 Septemba 2025

Mwanangu Yaarub,

Salamu zimefika na mgeni wako kafika. Mkono umebusiwa, bado nimekasirika, lakini hayo tumesema tuyaweke pembeni.

Sasa nieleze, huyu mtu nimemkosea nini? Siku aliyofika nimempikia wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na halua niliyomtuma Nankya mpaka Seeb kuifuata. Akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akasema asante, akala tango. Tango, Yaarub. Siku ya pili nimempikia kuku, akala yai, tena kiini akakitoa. Jirani yetu Ruba kaja kumtazama, tumekaa majlis na kahawa, mgeni kashika tende moja mkononi mazungumzo yote, halafu kairudisha sahanini alipodhani hatumuoni. Ruba kaona. Kufika jioni mtaa mzima unajua kwamba mgeni wa Khole hali chakula cha Khole.

Mie nimepokea wageni tangu nikiwa msichana nyumbani kwa baba Tabora, na hajatoka mtu mlangoni kwetu na njaa. Huyu anakimbia juani amevaa nguo za nailoni juu ya nguo, anarudi anatiririka, kisha anapanda mizani. Kaja nayo kwenye sanduku. Nani anasafiri na mizani?

Kama ni dini yao, niambie. Kama ni maradhi, niambie. Kama ni chakula changu, niambie vile vile, nshazeeka, sitoumia sana.

Ila mtu mwenyewe muungwana, sitomsingizia. Viatu vya mlangoni anavipanga, vyake na vya kila mtu. Fundi wa AC alikuja juzi, anatoka anakuta viatu vyake vimegeuzwa vinatazama nje, akadhani anafukuzwa. Ikabidi nimpe chai ya pili ndio akaamini.

Mama yako,
Khole


Osaka, 1 Oktoba 2025

Mama,

Nimecheka peke yangu kwenye treni mpaka bibi aliyekaa pembeni yangu akahama. Si dini, na wala si chakula chako. Ni uzito.

Ngumi hupigwa kwa uzito. Yeye ni wa bantam, kilo hamsini na tatu na nusu, na hiyo ndiyo iliyo kwenye mkataba wa Wattaya. Siku moja kabla ya pambano wanapandishwa mizani, yeye na mpinzani wake, mbele ya watu. Akizidi, hakuna pambano, mpaka mpinzani akubali. Sasa mwili wake ukiachiwa unataka kilo sitini na kitu. Zinazozidi anazitoa kwa jasho na njaa, na ndiyo kazi ya hiyo nailoni.

Ameishi hivyo tangu ana miaka kumi na tisa. Mchana anazunguka mitaani kujaza mashine za vinywaji, jioni yuko mazoezini. Amewahi kuwa bingwa wa taifa, mwaka mmoja tu, na picha yake bado iko ukutani ukumbini kwao, jua limeifuta rangi. Akapata nafasi ya kupigania mkanda wa dunia, akashindwa kwa pointi. Mpaka leo wako watu Osaka wanaosema alishinda yeye. Mwenyewe hasemi. Baada ya hapo akawa anashinda moja anapigwa moja, na wale vijana waliokuwa wakimbebea taulo wakampita mmoja mmoja.

Sijawahi kukuambia nilimjuaje. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikonda, ukaniona kwenye picha ukalia, nikakuambia ni masomo. Hayakuwa masomo. Nilikuwa sijui nile nini, kila kitu nilikiogopa kuwa kina nguruwe, nikaishi kwa wali mkavu na ndizi. Nilijiunga na ukumbi wao wa ngumi ili nipate pa kwenda jioni. Aramaki akaona. Hakuuliza kitu. Siku moja akanichukua kwake, kumbe kanunua sufuria mpya na kisu kipya, kaandika jina langu kwenye mpini ili mtu asivichanganye na vyake, akanipikia samaki na wali. Alikuwa kwenye wiki ya kupunguza uzito. Alipika bila kuonja. Akawa ananinyooshea kijiko mimi nimwambie kama chumvi imetosha. Alifanya hivyo kwa miezi. Ukiniuliza kwa nini siwezi kumkatalia mtu huyu kitu, ni kwa sababu ya sufuria hiyo.

Basi msamehe tango. Mpe mboga za kuchemsha na samaki bila nazi, na usimkaribishe zaidi ya mara moja. Kila ukimkaribisha unamtesa.

Yaarub


Hail, 16 Oktoba 2025

Mwanangu,

Kisa cha sufuria nimekisoma nimesimama jikoni, nikamsomea na Nankya. Halafu nikamchemshia mgeni samaki wake bila nazi, hata ndimu sikutia, na nikamkaribisha mara moja tu. Ulimi uliniwasha lakini nilijizuia.

Sasa nisikilize. Tangu wiki iliyopita kuna mambo siyapendi. Bomba la uani analiacha wazi, na huyu ndie mtu wa kupanga viatu vya fundi. Alikuwa anamimina chai akaimimina pembeni ya kikombe, kwa utulivu kabisa, hakuona mpaka nilipomshika mkono. Jumamosi kaenda kukimbia asirudi. Nyumba za Hail zote nyeupe, mgeni yeyote hupotea, nikajipa moyo hivyo. Nankya alimkuta amesimama mbele ya geti letu, letu khasa, mkono umeshika komeo, hajui kama ndipo. Na alikuwa hapo kwa muda, maana jasho lilikuwa limeshamkauka.

Nikamuuliza mwenyewe. Wewe hungenambia, nakujua tangu mdogo, ukiwa na jambo unaanza na vichekesho. Nlimkuta uani anamsaidia Nankya kuchambua mchicha, nikakaa nao, nikamuuliza kwa Kiingereza, kichwa chako kina nini? Akanijibu bila kusita, kama mtu aliyeulizwa kwao wapi. Akasema kilivuja damu ndani, miaka miwili nyuma, baada ya pambano. Daktari wa kwao akamwambia akipigwa tena pigo baya huenda asiamke, na kwa hiyo leseni imekwenda na haitorudi. Si umri.

Halafu yeye ndie akashangaa. Akaniuliza, Yaarub hakukwambia? Alidhani najua. Wiki zote hizi alidhani najua kila kitu na nimemfungulia mlango hivyo hivyo, na ndio maana kila asubuhi alikuwa akiniinamia vile. Nliona haya kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Baba yako alianguka kwenye ngazi za nyumba hii hii, akainuka, akacheka, akanywa chai, na kabla ya Magharibi hatunaye. Wewe ulikuwepo. Unajua damu ya kichwa ni kitu gani, na umeniletea mtu mwengine nimlaze chumba cha juu, nimchemshie samaki mpaka siku ya kwenda kupigwa.

Lisimamishe. Mpigie huyo Loay umwambie ukweli, leo.

Mama yako


Osaka, 18 Oktoba 2025

Mama,

Ni kweli. Nilikudanganya, na lile neno umri nililiandika nikiwa natazama pembeni. Loay hakuuliza picha za kichwa, nasi hatukumwonyesha.

Simu ya Loay naishika naiweka. Nikimwambia, pambano litakufa na Aramaki atajua ni mimi. Ataniinamia, atasema asante, na mlango wake sitafunguliwa tena. Nimeshamwomba aache, Mama, kabla wewe hujamwona. Nimemwomba kwa Kijapani changu chote. Aliniambia, nikiacha kwa kuogopa, basi miaka yote ile nilikuwa mwoga ila watu hawakujua. Unamjibu nini mtu kama huyo?

Watu wa ukumbi wao wamemshonea joho jipya la kuingilia ulingoni, na ndani yake wametia majina yao yote, hata walioacha ngumi zamani. Langu limo pia. Hawezi kurudi nalo halijavaliwa. Akijitoa mwenyewe hakuna atakayemtupia neno, wataacha tu kumtazama, na kwao hilo ni baya kuliko neno.

Mpinzani ni Mganda anayeitwa Lule, mlinzi wa jengo moja Khuwair ya Kusini. Raundi sita tu. Nimeona video zake, hana pigo zito. Najiambia hivyo kila ninapotaka usingizi.

Usimfukuze. Ukimfukuza atahamia hotelini kwa Loay na atapigana vile vile, ila hakutakuwa na mtu wa kumfungia bomba.

Kuhusu Baba, ni kweli. Nilikuwepo. Pengine ngazi zile ni sababu mojawapo ya mimi kukaa huku, hilo sijawahi kukuambia. Nimechoka, Mama. Sijui tena lipi ni kumsaidia mtu na lipi ni kumuua.

Yaarub


Hail, 28 Oktoba 2025

Mwanangu,

Nimekusikia. Simfukuzi, na Loay sijampigia.

Huku kumepoa kidogo, AC ya majlis tunaizima asubuhi. Ruba anamuozesha mjukuu wake, kanialika niende nikaonje halua kabla hawajaagiza. Nankya anasema huyo Lule anasali kanisa moja na yeye, kijana mpole, na yeye pia kakonda mpaka suruali inamtoka. Mgeni hajanywa maji tangu asubuhi, anasukutua na kutema. Midomo imempasuka.

Kupima uzito ni keshokutwa. Leo nimeroweka ngano, na mchinjaji kanipa paja zuri la mbuzi. Usiniulize la nini, mtu hupika nyumbani kwake.

Lala. Barua zako hazilali.

Mama yako


Osaka, 30 Oktoba 2025

Mama,

Loay amenipigia nikiwa kazini, nimetoka nje kumsikiliza akipiga kelele. Aramaki amepanda mizani akiwa na kilo hamsini na saba na ushei. Karibu kilo nne zaidi. Mabondia huzidi kidogo, wakavua mpaka nguo ya ndani, wakanyoa nywele, wakapata. Kilo nne si kuzidi kidogo. Wakampa saa mbili akimbie apunguze, kama kanuni inavyotaka. Akakaa kwenye kiti. Akaomba chai. Kocha wa Lule akakataa mtu wake kupigana na mzito, na alikuwa na haki, Loay akalifuta pambano mbele ya watu wote.

Nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu kwamba Aramaki amesema mwenyewe, tena kwenye kipaza sauti, kuwa mama wa nyumba anayokaa alipika, na katika nyumba ile mgeni hakatai. Watu wakacheka. Mpaka refa kacheka.

Ile ngano ilikuwa ya boko boko. Ulinitajia ngano nami nikasoma nikapita.

Nilikuomba jambo moja tu, usimkaribishe zaidi ya mara moja. Mtu amekaa na njaa karibu miaka ishirini, kabakisha siku moja, na wewe umemwekea sinia mbele ukamtazama usoni, ukijua hawezi kukukatalia. Umemkamata kwa adabu zake mwenyewe. Lile lilikuwa pambano lake la mwisho, Mama, baada ya kichekesho hiki hakuna promota atakayemgusa, si huko si kwengine. Unadhani umemwokoa. Umemvua nguo hadharani.

Usinijibu kwa sasa.

Yaarub


Hail, 2 Novemba 2025

Mwanangu Yaarub,

Umesema nisijibu. Nnajibu.

Ndio, mie. Nimechemsha ngano na nyama, nikaisonga mwenyewe, mwiko sikumpa Nankya ingawa bega linaniuma. Nikaimwagia samli na vitunguu vya kukaanga nikaiweka mbele yake. Nikamwambia kwetu mgeni akikataa boko boko anamvunjia heshima mwenye nyumba na marehemu wake. Hakuna desturi kama hiyo, unajua, niliitunga pale pale. Akala. Mchana nikamwekea tena, na jioni, na maji, na juisi ya embe. Lawama ni yangu peke yangu, Aramaki hana hata chembe. Waambie hivyo watu wa ukumbi wake. Waambie kuna bibi mmoja Maskati, hajui ngumi wala mizani, kawaharibia bondia wao kwa ukaidi wa jikoni. Wanicheke wanavyotaka, sitowaona.

Na wewe kasirika. Hasira zako nshazizoea, zikifika huku zimeshapoa njiani. Nlikuomba ulisimamishe ukanambia ni vigumu. Kwangu haikuwa vigumu, ilikuwa ngano tu.

Siku ile baba yako alisema hana kitu, asisumbuliwe, nikamwacha na chai yake. Nilimheshimu. Safari hii nimekataa kumheshimu mtu, na ukinirudisha nyuma ntakataa tena.

Mgeni bado yuko juu, analala sana. Ijumaa Nankya alitoka kanisani na Lule, maana huku nao husali Ijumaa, nikawawekea sinia moja yeye na Aramaki, wakala. Lugha hawana. Lule anaumwa na kifundo cha mkono, Aramaki akamfungua bendeji akamfunga upya, akamwonyesha namna, mara mbili, mpaka kijana akajua. Saa ya pambano ilipofika tulikuwa tunatazama taarifa ya habari. 

Mama yako,
Khole


Maskati, 20 Novemba 2025

Bwana Yaarub,

Habari yako. Mimi ni Nankya, yule wa kazi hapa kwa Mama. Hatujawahi kuandikiana na naomba msamaha kama ni makosa. Imeili yako nimepewa na Mista Aramaki mwenyewe jana kabla hajaenda airport. Amenipa maneno nikuandikie. Nilimwambia Kiswahili changu ni cha bara, si kama cha kwenu, akasema utaelewa tu. Tafadhali Mama asijue.

Anasema hivi, Mama hakumlazimisha.

Hiyo siku ya kabla ya mizani Mama alipika boko boko, ni kweli, lakini alipika yetu sisi na ya jirani. Alikuwa na hasira na wewe, na Mama akiwa na hasira anapika. Hakumwita mtu. Mista Aramaki alishuka mwenyewe, akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Alikaa sana akiangalia sufuria. Halafu akasema, Mama, mimi nimechoka na njaa. Si hii ya leo, ya tangu nikiwa kijana. Akasema asubuhi alitaka kukumbuka jina la mama yake mzazi likakataa kuja, likaja baadaye akiwa hapo barabarani. Akasema anaogopa. Hilo neno alisema mara moja tu, na akaangalia chini kama mtu ametukana.

Mimi nilifikiri Mama ataongea mambo mengi, si unamjua. Wapi. Alifuta mikono. Akamuuliza, ukisema hutaki kupigana, watu wenu watasemaje? Akajibu, hawatasema kitu. Mama akasema, basi wewe usiseme. Sema ni mimi. Sema kuna mwanamke mzee amekulisha kwa nguvu, na kwetu mgeni hakatai. Hayo maneno ya mgeni hakatai tuliyatengeneza hapo hapo sisi watatu, Mama anasema, mimi nasaidia na Kiingereza, yeye anarudia kama mtoto wa shule mpaka akayashika. Halafu akasema, lakini Yaarub atakukasirikia. Mama akasema, huyo ameshakasirika, haiongezi kitu.

Ndiyo akapakuliwa. Ya kwanza alikula polepole, macho amefunga. Aliponyoosha sahani aongezwe, Mama aliniambia nimpe mimi, akatoka nje. Nilienda kumwangalia, alikuwa uani nyuma ya tangi la maji. Mengine ya hapo siandiki.

Baadaye Mama alituapisha wote wawili tusiseme, ili heshima ya Mista Aramaki ibaki. Mista Aramaki anasema watu wote wakicheka ni sawa, khalas, lakini wewe kumlaumu Mama, hiyo hawezi kuibeba kwenye ndege. Ndiyo maana amevunja kiapo, na mimi nimevunja na yeye. Mungu atusamehe.

Anasema asante kwa chumba. Anasema pia nikuambie, chumvi ilikuwa imetosha. Hiyo sijui maana yake, amesema niandike hivyo hivyo.

Ni mimi,
Nankya


Osaka, 27 Novemba 2025

Mama,

Nimekaa kimya muda mrefu na nabusu mkono, safari hii bila mzaha.

Jana nimekwenda ukumbini kumwona Aramaki. Amenenepa, mashavu yamerudi, sijawahi kumwona na mashavu. Anawasimulia wote kisa cha mama wa Maskati. Anasimama katikati ya ulingo anakuigiza unavyosonga ngano, macho umeyatoa, mwiko umeushika kama mtu anayepiga kasia, nao wanacheka mpaka wanashikilia kamba. Joho lenye majina wamelitundika ukutani karibu na ile picha, halijavaliwa, na hakuna anayeona vibaya. Wanamtazama, Mama. Wanamtazama kama zamani. Kocha wao mzee ameniuliza kama kweli kwetu ni hivyo, nikamwambia kwetu ni hivyo, na mama yangu ni mbaya kuliko wote. Kesho nampeleka hospitali kwa picha ya kichwa. Nilidhani atakataa, hakukataa.

Kuhusu chakula ulichomlisha, nimekusamehe. Usijitetee na usinieleze tena ilivyokuwa.

Maneno niliyokuandikia siku ile ya mizani yananiuma, na yataniuma muda.

Mimi nakuja, Mama. Si likizo. Nimeomba kuacha kazi mwisho wa mwaka. Nimechoka huku kuliko nilivyokuwa tayari kukubali, na kila mara ulipouliza nikaona nikisema ndiyo nitakuwa nimeshindwa. Mkuu wangu wa kazi alishangaa, akataka kujua mtu aliyekaa miaka yote hii anaondokaje ghafla. Nikamwambia mimi mwenyewe sikutaka. Nikamwambia mama yangu mzee ndiye aliyeniamuru, na kwetu mtoto hakatai. Akasikitika, akakulaumu kidogo.

Naomba unibebee na hiyo.

Mwanao,
Yaarub